Diski ya nje kwa maktaba za sampuli: ipi ununue, na kwa nini usakinishaji hukwama njiani

Kusakinisha maktaba ya okestra ya GB 300, yaani mkusanyiko wa sauti za ala zilizorekodiwa (sampuli) za kupigia kwenye kompyuta, ni kazi nzito kuliko nyingi utakazoipa diski ya nje. Inapokea faili zilizobanwa, inazisoma tena, inazifungua, kisha inaandika sampuli zenyewe palepale, saa nzima au zaidi bila kupumua. Diski iliyobeba picha na video miaka miwili bila kulalamika inaweza kujitoa kwenye kompyuta ukiwa umefika asilimia 70. Hapo wengi huilaumu programu ya kusakinishia, au huitupa diski. Mara nyingi diski ni nzima. Kilichoshindwa ni waya, umeme, fomati au nafasi.

Kwa hiyo mpangilio wetu unatazama jambo moja kabla ya mengine yote: diski inavumilia vipi kuandikwa mfululizo. Kasi iliyochapishwa kwenye boksi haikuambii hilo, kwa sababu hupimwa wakati diski ingali tupu na baridi.

1. SSD (diski ya chipu) ya kubebeka ya Gb/s 10 yenye seli za TLC

Hii ndiyo ya kununua ikiwa bajeti inaruhusu. Ikichomekwa kwenye tundu linalolingana nayo husoma karibu MB 1,000 kwa sekunde, haina kitu kinachozunguka ndani, na umeme wa tundu la USB unaitosha.

Neno la kukaziwa macho ni TLC. SSD za bei ya chini sana hutumia QLC, yaani kila seli inabeba biti nne badala ya tatu. Ili zisionekane za polepole, hutenga sehemu ya seli zao zifanye kazi kwa biti moja tu, na data yote huingia humo kwanza. GB kadhaa za mwanzo zinapita kama upepo. Sehemu hiyo ikijaa, kasi inaporomoka hadi MB 100 kwa sekunde au chini yake, na diski inapozidi kujaa ndivyo sehemu hiyo inavyozidi kuwa finyu. TLC nayo ina mtindo huohuo, ila anguko lake ni dogo. Karatasi ya bidhaa isipotaja aina ya seli, chukulia ni QLC na utafute nyingine. Hata hivyo, QLC si mbaya kwa kusoma. Ukishasakinisha, itapiga sampuli zako vizuri tu.

2. SSD ya SATA ya inchi 2.5 ndani ya kasha la USB

Wengi huidharau kwa sababu ukomo wake ni karibu MB 550 kwa sekunde. Kwa sampuli kasi hiyo inatosha sana: programu ya kupigia sampuli kama Kontakt hupakia kipande kifupi cha mwanzo wa kila sampuli kwenye RAM, kisha huvuta kilichobaki kutoka kwenye diski unapobonyeza noti. Kinachohitajika ni kuchota vipande vingi vidogo kutoka sehemu nyingi bila kuchelewa, na SSD yoyote nzuri inalimudu hilo. Tena SATA haipati joto kirahisi. Chagua kasha linalotumia UASP, njia ya USB inayopitisha maombi mengi kwa pamoja. Bila hiyo, maombi hupita moja baada ya jingine kama watu kwenye mlango mwembamba.

3. NVMe (SSD ya umbo la kijiti) ndani ya kasha ulilounganisha mwenyewe

Kwenye karatasi inaishinda ya pili. Tumeishusha kwa sababu ya joto. Kijiti cha NVMe kikiandikwa dakika ishirini ndani ya kasha la plastiki hupunguza kasi ili kujilinda, na wakati mwingine chipu ya kasha yenyewe huzidiwa na kukata mawasiliano. Ukiichagua, nunua kasha la alumini, na hakikisha kile kipande laini cha kupitishia joto kinagusa chipu za kijiti upande mmoja na chuma upande wa pili. Kikiwa chembamba kiasi cha kubaki na mwanya, hakifanyi kazi yoyote.

4. HDD (diski ya sahani zinazozunguka) ya inchi 3.5, mizunguko 7,200 kwa dakika, yenye adapta yake ya umeme

Kwa nakala rudufu hakuna kinachoishinda kwa gharama ya kila TB. Kupigia sampuli moja kwa moja inawezekana kwa ala chache. Okestra nzima itakatakata, kwa sababu kichwa cha kusomea lazima kirukeruke kutafuta kila noti. Tafuta ya CMR, ambayo mistari yake ya data hailaliani, kinyume cha SMR iliyoelezwa hapa chini.

5. HDD ndogo ya inchi 2.5

Ni ya ghala tu. Nyingi kati ya hizi ni SMR: mistari ya data imelaliana kama vigae vya paa, hivyo kuandika upya sehemu moja kunailazimu diski iandike upya na majirani zake. Ukisakinisha GB 200 juu yake, eneo lake la muda hujaa, na mstari wa maendeleo husimama dakika nzima bila kusogea. Programu ya kusakinishia inaweza kuchoka kusubiri ikatangaza hitilafu, ilhali diski bado inahangaika kupanga vigae vyake.

Flashi na kadi za kumbukumbu hazimo kwenye orodha hii. Usizifikirie.

Ukubwa

Nunua TB 2 kama una zaidi ya maktaba mbili kubwa. Programu nyingi za kusakinishia hupakua kwanza na kufungua baadaye, kwa hiyo maktaba ya GB 300 inaweza kudai GB 600 zilizo wazi kwa muda. Hata kazi ikiisha, acha asilimia 10 hadi 20 ya SSD ikiwa tupu.

Ikikwama, anza na waya

Waya wa USB-C uliokuja na chaja ya simu mara nyingi una nyaya za USB 2.0 tu. Unaingia vizuri, diski inaonekana, kila kitu kinaendelea, ila kwa karibu MB 40 kwa sekunde. GB 300 kwa kasi hiyo ni zaidi ya saa mbili. Kwa MB 500 ni dakika kumi. Tumia waya uliokuja na diski, usiozidi mita moja, na uuchomeke kwenye kompyuta yenyewe. Habu isiyo na adapta inagawa umeme mdogo kwa vifaa vyote. Tundu la kawaida la USB 3.0 linaahidi mA 900 na la USB 2.0 mA 500, na HDD ikianza kuandika kwa nguvu huku kibodi na kadi ya sauti zimeshika habu hiyohiyo, inaweza kuzimika na kuwaka tena. Mlio wa tik-tik unaojirudia kutoka kwenye HDD mara nyingi ni njaa ya umeme. Ukiendelea hata baada ya kubadili waya na tundu, diski inakufa: nakili vilivyomo sasa hivi.

Kwenye Windows, fungua Event Viewer (daftari la matukio ya kompyuta) upande wa System. Namba 157 maana yake diski ilitoweka ghafla, na hapo angalia kwanza waya, umeme au joto. Namba 153 maana yake ombi la kusoma au kuandika lilibidi lirudiwe. Kisha soma hali ya SMART, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea, kwa programu ya CrystalDiskInfo. Kwa HDD, hesabu za sehemu mbovu zenye alama C5 au 05 zikipanda, uso wa diski unaharibika. C7, hesabu ya makosa ya mawasiliano, ikipanda peke yake, tatizo liko kwenye muunganisho. Zima pia ruhusa ya Windows kulaza matundu ya USB, na usiiache kompyuta ilale katikati ya kazi.

Fomati, yaani mfumo wa kupanga faili kwenye diski, nayo ina mitego yake. FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, na hitilafu inaweza kusema diski imejaa ilhali iko tupu. Kwa Windows tumia NTFS. Kwa Mac tumia APFS kwenye SSD na Mac OS Extended kwenye HDD, lakini usichague ile inayotofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa sababu baadhi ya programu za kusakinishia huikataa. NTFS kwenye Mac husomeka bila kuandikika. exFAT inakubalika kote, ila haina jarida la kumbukumbu, yaani orodha ya mabadiliko inayosaidia kurekebisha kazi iliyokatizwa: ukiichomoa ghafla, folda nzima inaweza kupotea. Itumie pale tu diski inapohamahama kati ya mifumo miwili.

Ikiwa usakinishaji ulikamilika lakini Kontakt inasema sampuli hazipo, huenda Windows imeipa diski herufi nyingine. Ipe herufi ya mbali kama S kupitia Disk Management, kisha elekeza maktaba upya. Kwenye Mac, angalia kama programu imeruhusiwa kufikia hifadhi za nje katika mipangilio ya faragha.

Kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha

Jaza diski mpya yote ikiwa bado haina kitu chako, kwa programu ya kupima: H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Mac au Linux. Huandika hadi nafasi iishe kisha husoma kila kilichoandikwa na kulinganisha. Kwa SSD ya TB 2 inayoandika MB 400 kwa sekunde, kuandika peke yake ni kama dakika 85. Chukua kasi mwanzoni, katikati na karibu na mwisho, na gusa kasha uone joto lake. Diski bandia iliyodanganywa ukubwa itaumbuka hapo. SSD iliyoanguka hadi MB 60 au diski yoyote iliyojichomoa yenyewe kwa waya wake na tundu la kompyuta, irudishe siku hiyohiyo.