Minglan na Mumewe Wanapopatana
Hapa nyumbani Langoni, Lamu, tumemaliza vipindi vyote 73 vya The Story of Minglan, tamthilia ya Kichina ya mwaka 2018 inayosimulia maisha ya zama za Song, ukoo wa wafalme wa kale wa China, na kilichonigusa zaidi ni jinsi Minglan (Zhao Liying) anavyopatana na mumewe, Gu Tingye (Feng Shaofeng). Mume analalamika kwa uchungu kwamba mkewe humtimizia kila wajibu wa nyumba, lakini moyo wake, uliojifunga tangu alipofiwa na mama yake utotoni, hamfungulii. Shangazi, niliyekuwa nikimfasiria maneno, aliuweka ukili chini, akasema, “Hapo amenena kweli, mwanangu.” Uigizaji wa Zhao, hasa wa macho, ni wa hali ya juu, fitina za jamaa za mume, hata hivyo, zimerefushwa mno.