Rhine au Danube kwa Safari ya Kwanza ya Meli ya Mtoni

Anayesafiri kwa mara ya kwanza kwa meli za mito ya Ulaya huanza kwa kuchagua kati ya Rhine na Danube. Safari ya Rhine, ambayo mara nyingi huchukua usiku saba kati ya Basel na Amsterdam, hupita katika bonde jembamba la kilomita 65 kati ya Bingen na Koblenz, lililoorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2002, ambako ngome za kale hufuatana juu ya mashamba ya mizabibu. Kwa saa hizo chache za kulipita bonde hilo ukiwa sitahani, mimi ningeanza na Rhine. Danube, kutoka Passau hadi Budapest, ina bonde la Wachau, lakini utajiri wake umo mijini, hasa Vienna.

Njia zote mbili zimo ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja. Hata hivyo, meli ya Danube ikiendelea hadi Belgrade, Serbia, ambayo iko nje ya eneo hilo, na kurudi, Mkenya au Mtanzania ahakikishe viza yake inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja.

Kabla ya kulipa, uliza kampuni itafanya nini maji yakipungua, kama ilivyotokea Rhine mwaka 2018 na 2022, kwa kuwa abiria huweza kuhamishiwa kwenye mabasi.