Siriz ya Kikorea au muvi ya Kikorea, ipi ikutese?

Huu ubishi wa wapenzi wa Wakorea hauishi. Tuanze na muda: siriz ya mapenzi mara nyingi ni episodi 16, kila moja lisaa na ushee, kama Crash Landing on You, na ukijichanganya ukagusa Jumong ya 2006 hiyo ni episodi 81, aga kabisa nyumbani. Muvi kama Train to Busan, ile ya baba na binti yake mdogo kwenye treni yenye mazombi, haifiki hata masaa mawili. Kwa bando muvi imeshinda, hapo hatubishani.

Ila kwenye machozi aisee siriz ndo kiboko, yaani unaishi na wale watu mpaka mama mkwe na roho yake mbaya unamzoea, sasa wakija kuachana mwishoni mwishoni unalia kama we ndo umeachwa, halafu wakikutana tena kwenye mvua unajikuta unatabasamu peke yako sebuleni. Shida katikati inalegea, vile vipande vya kukumbushia walivyokutana me napelekaga mbele tu.

Muvi haina huruma. Parasite ya 2019 unaanza unacheka vizuri, ikifika ile kengele ya mlango usiku wa mvua basi kicheko kwisha, na mwisho wake haukubembelezi.

So kama una likizo na unataka kupenda na kupendwa, siriz. Kama kesho una kazi asubuhi chukua muvi, ila baba mwenye binti mdogo akiweka Train to Busan akae na leso.