Firefox kutoka repo ya Mozilla kwa Ubuntu: nyota nne

Miezi mitatu sasa naitumia kwa laptopu yangu ya mitumba ya Luthuli, RAM 4GB na ile diski ya kuzunguka, kwa hivyo siongei ya kuskia.

Ubuntu (mfumo wa Linux wa kuendesha kompyuta) tangu 21.10 inakuja na brauza ya Firefox ya Snap, ile paketi inabeba kila kitu chake ndani, na kwa hii diski yangu ya kizee ukiifungua asubuhi unaeza chemsha chai urudi bado, lawama ni ya diski najua lakini pesa ya SSD haijapatikana. Mwanzo wa 2024 Mozilla wenyewe, wenye Firefox, wakafungua repo, yaani ghala la programu mtandaoni, yenye Firefox ya kawaida ya deb (paketi asili za Ubuntu), nikasema wacha nijaribu.

Kazi ni kidogo. Unashusha ufunguo wao (wa kuthibitisha paketi ni zao kweli) unauweka kwa /etc/apt/keyrings, unalinganisha alama yake ya kidole (fingerprint) na ile wameandika kwa maelezo (hii usiruke aisee), unaongeza laini ya packages.mozilla.org yenye signed-by ya kuonyesha huo ufunguo, unapiga apt update (apt ndio kisakinishi cha Ubuntu).

Mimi na haraka yangu nikaruka ile faili ya preferences.d (ya kuambia apt ipendelee repo gani) nikidhani ni mapambo tu. Apt install firefox, naona Snap hiyo inarudi! Nikarudia mara mbili bando ikiisha. Kumbe Ubuntu iko na paketi yake inaitwa firefox hivyo hivyo, kazi yake ni kukuletea Snap, na namba ya toleo lake inaanza na 1: ambayo kwa apt inashinda namba yoyote isiyo nayo, hata Mozilla wafike toleo la elfu moja. Ile faili inapea repo ya Mozilla Pin-Priority 1000, hapo apt inakubali hata kushuka toleo. Nikaiweka, kitu ikaingia safi, na sasa apdeti zinakuja na apt upgrade kama zingine.

Nyota moja nimeinyima juu ukipandisha Ubuntu, tuseme 22.04 hadi 24.04, repo zote za nje huzimwa na ni wewe ukumbuke kuziwasha.

Jirani ameona akataka nimuwekee repo ya jamaa fulani hajulikani, nikakataa. Paketi ikiingia skripti zake zinakimbia kama root, yaani mwenye ruhusa zote za kompyuta, hiyo ni kumpa ufunguo wa nyumba mtu mmekutana kwa matatu ya Rongai. Mozilla sawa, si tayari brauza yao ndio inashika nywila zangu zote?

Alafu kabla hujatoa Snap nakili profaili yako (alamisho, nywila na mipangilio), iko ndani ya ~/snap/firefox/common/.mozilla, hii mpya inasoma ~/.mozilla. Mimi alamisho zangu nilizikosa siku nzima.