Canon EF-S 10-18mm: objektifu ya ndege kubwa kabla ya kuwa objektifu ya harusi

Wapiga picha wenzangu wa Lubumbashi wananiuliza kila mara kama hii objektifu (lenzi ya kamera) Canon EF-S 10-18mm inafaa kununuliwa, na karibu wote wanawaza harusi. Nawaelewa, maana harusi na dote (sherehe ya mahari) ndizo zinazonilisha mimi pia. Lakini kazi iliyonionyesha uwezo wake wote niliifanya Bruxelles, ndani ya Makumbusho ya Kifalme ya Jeshi pale bustani ya Cinquantenaire, nikiwa nimepiga magoti chini ya Caravelle, ndege ya abiria ya Sabena, lile shirika la ndege la zamani la Ubelgiji. Nitaanzia huko, halafu ndipo nirudi kwenye harusi.

Mkongomani anayependa ndege ana shida moja inayojulikana: uwanja wa ndege haupigwi picha. Ukitoa apareyi, yaani kamera, karibu na Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, utajieleza kwa watu wenye silaha, na pengine apareyi isirudi nyumbani. Tangu utoto naziangalia ndege zikishuka juu ya mji na sina hata picha moja. Kwa hiyo nilipokwenda kumtembelea yaya wangu, dada yangu mkubwa, Ubelgiji, nilimwomba anipeleke mahali ninapoweza kuisogelea ndege, kuizunguka, kuitazama tumboni, na kupiga picha bila kufukuzwa. Akanipeleka pale na mtoto wake.

Ukumbi ule ni wa chuma na vioo, wa wakati wa maonyesho ya 1880, Ubelgiji ilipokuwa inasherehekea miaka 50 ya uhuru wake. Ni mrefu na mpana, lakini ndege zimebanana: za kivita kama Spitfire, Mirage, F-104, MiG, nyingine zinaning'inia juu. Bawa la hii linaingia tumboni mwa ile. Caravelle peke yake ina urefu wa mita 32, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa inapita mita 34. Ukiwa na objektifu ya 18-55 ile inayokuja na apareyi, unachagua: pua au mkia. Ukirudi nyuma ili upate vyote, mgongo unagonga ndege nyingine.

Hapo ndipo 10 mm, upana mkubwa kabisa wa objektifu hii, inapolipa gharama yake. Kwenye apareyi za Canon zenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), upana huo ni sawa na 16 mm ya sensa kubwa, pembe ya digrii 107 hivi. Nilisimama mbele kidogo ya bawa, upande wa kushoto wa pua, na Caravelle nzima ikaingia, pamoja na paa la chuma juu yake.

Lawama kubwa dhidi ya objektifu hii ni giza. Uwazi wake, tundu linaloingiza mwanga, ni f/4.5 (namba ikipanda, mwanga unapungua), na ukivuta hadi 18 mm unabaki na f/5.6. Watu wanasoma namba hizo na kuikataa. Mimi nasema wanasahau jambo moja: ndege ya makumbusho haitembei. Kwa kitu kisichotembea, kinachokuokoa ni kile kifaa cha ndani kinachotuliza mtikisiko wa mkono, na Canon wanakipa uwezo wa hatua nne, kila hatua ikikuruhusu kupiga polepole mara mbili zaidi. Nilibana viwiko kifuani, nikatoa pumzi, nikapiga kwa sekunde 1/8, wepesi wa sensa kwa mwanga ukiwa ISO 400, f/5.6. Nilipokuza picha kwenye kompyuta, ribiti za ubavuni zilihesabika moja moja. Makumbusho mengi hayataki uingie na miguu mitatu ya kusimamishia apareyi, na hata wakikuruhusu, utawazuia wengine kupita. Flashi iache kwenye begi. Haifiki mkiani, na pale inapofika inaacha doa jeupe kwenye bati.

Sasa ubaya wake, na hili ni la kila objektifu pana kiasi hiki: inavuta vitu vya pembeni. Ukiweka pua ya Caravelle kwenye kona ya picha, inarefuka kama embe la dodo, na gurudumu linakuwa yai. Pua ya Caravelle haistahili kuharibiwa hivyo. Umbo lake lilichukuliwa kwenye ndege ya Comet ya Waingereza, na kutoka pale macho yanateremka kwenye madirisha yake ya pembetatu, ambayo abiria wa zamani wanayakumbuka, hadi kwenye injini mbili zilizobandikwa nyuma karibu na mkia. Pua iweke karibu na katikati, mkia ndio uende pembeni, kwa sababu mkia uko mbali na unavumilia kuvutwa. Na apareyi uishike sawa, usiinamishe juu wala chini, la sivyo nguzo za ukumbi zitaangukiana. Ukitaka kuona zaidi juu, inua mikono na apareyi ibaki imelala sawa, utumie skrini ya nyuma inayokunjuka. Ukitaka tumbo la ndege, chuchumaa.

Picha niliyoipenda kuliko zote si ya Caravelle hata hivyo. Ni ya C-119, ile ndege ya mizigo yenye mikia miwili. Nyuma yake kuna nafasi kati ya mikia hiyo, na mlango mkubwa wa shehena uko hapo katikati. Kwa 10 mm, mikia inakuja kulia na kushoto na mlango unakaa mbele yako kama mdomo. Ndege mbili za aina hii, za jeshi la Italia lililokuwa kwenye kazi ya Umoja wa Mataifa, zilitua Kindu Novemba 1961, na wanajeshi wa anga 13 waliokuwamo waliuawa. Wazee wetu wanaikumbuka habari hiyo. Sikutaka picha ya mapambo. Nilipima mwanga wa vioo vya paa ili visiungue na kuwa vyeupe tupu, tumbo la ndege nikaliacha kwenye giza, kisha nikaliinua kidogo tu baadaye kwenye faili ya RAW, ile picha ghafi ya apareyi. Mpwa wangu aliuliza, "Mama mdogo, nisimame wapi?" Nikamweka kando ya gurudumu. Bila mtu ndani ya picha, hakuna atakayejua ndege ile ina ukubwa gani, maana objektifu pana inakuza kilicho karibu na kupunguza kilicho mbali.

Filta ya polaraiza, kile kioo cha kupunguza mng'ao, nilikuwa nayo, sikuifunga. Mng'ao wa bati tupu hauondoki kwa filta ile. Inasaidia kwenye kioo na kwenye rangi, na inakula mwanga ambao humo ndani unauhitaji.

Harusi, basi. Ndani ya Kanisa Kuu la Petro na Paulo, wakati bibi na bwana wamesimama mbele ya altare na watu wametulia, 10-18 inafanya kazi nzuri kabisa. Sebule iliyojaa wajomba na mashangazi siku ya dote, pia inafaa, mradi shangazi mnene usimweke pembeni, maana atanenepa zaidi na hatakusamehe. Lakini usiku, ukumbini, watu wakianza kucheza, iweke kando. Kifaa cha kutuliza mkono hakimtulizi mchezaji. Hapo nunua kitu chenye f/2.8, hata kama si pana hivi.

Mwili wake ni mwepesi, gramu 240, na hata sehemu inayofunga kwenye apareyi ni ya plastiki. Wengine hilo linawaudhi. Mimi nimetembea nayo shingoni tangu asubuhi hadi makumbusho yanafunga, na shingo haikulalamika. Kinachonifurahisha ni kwamba kioo cha mbele kinakubali filta ya kawaida ya 67 mm. Baadhi ya objektifu pana zina kioo kilichofura kisichokubali filta, na kwa vumbi letu jekundu la kiangazi, kioo kisicho na kinga hakifiki mbali. Kofia ya kuzuia mwanga haiji ndani ya boksi, inauzwa peke yake, na hilo ni ubahili usio na sababu.

Kabla hujatoa pesa, angalia apareyi yako. EF-S haifungi kwenye Canon za sensa kubwa kama 6D au 5D. Kwenye apareyi mpya zaidi za Canon kama R10 au R7 inafanya kazi kwa adapta, lakini kwa apareyi hizo kuna RF-S 10-18mm iliyotoka 2023, yenye gramu 150, nayo ina kifaa cha kutuliza mkono. Ile ya zamani, ya 2014, inapatikana ya mtumba kwa bei nafuu zaidi. Ukiipata ya mtumba, ifunge kwenye apareyi, piga ukuta wa matofali kwa 10 mm, ukuze kona zote nne. Kona moja ikiwa na ukungu kuliko nyingine, mrudishie mwenyewe.