Wikendi Mombasa na marafiki: mlale Mji wa Kale au Nyali?

Mna siku mbili tu, na mko watu watano. Nimelala pande zote mbili, na upande ninaouegemea sitauficha.

Nyali ni raha ya mwili. Mchanga ni mweupe, maji yakijaa mnaogelea mpaka vidole vikunjane, na nyumba za kupangisha zina nafasi ya watu wote. Wenye watoto wadogo watafurahi zaidi huko. Lakini mimi nilirudi nyumbani nimeipenda bahari tu. Mji wenyewe, ng'ambo ya daraja, sikuujua.

Mji wa Kale hauna ufuo kama huo, na joto la usiku katika vyumba vya ghorofani si mchezo. Hata hivyo moyo wangu ulibaki huko. Alfajiri adhana huamsha mtaa mzima, kisha mnafuata harufu ya iliki hadi kwa mama anayeopoa mahamri yaliyofura, mbaazi za nazi zikitokota kando. Mnapita Ndia Kuu, chini ya roshani za mbao zilizochongwa, hadi Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Usiku muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe. Tukanunua kahawa tungu na kashata, tukakaa barazani hadi saa sita. Rafiki yetu mmoja, mtu wa maneno machache, alituambia mengi usiku ule kuliko mwaka mzima.

Nyali nendeni mchana kwa matatu. Jua likianza kushuka, rudini kisiwani.