Hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani mtandaoni: huduma inayofaa kwa anayesoma maelezo ya kesi mara mbili

Tovuti ya Mahakama ya Juu ya Marekani huweka hukumu zake wazi kwa kila msomaji, bila malipo, siku ile ile zinapotolewa. Anayetaka kujua sheria imesemaje ataridhika nayo. Mimi naipima kwa kigezo kingine: je, inamwezesha msomaji kuona jinsi jaji anavyoyapanga maelezo ya kesi kabla hajaigusa sheria yenyewe? Nauliza hivyo kwa sababu mara nyingi mshindi huanza kuonekana katika kurasa hizo za mwanzo, ambazo wengi wetu huzipitia haraka tukidhani ni masimulizi tu ya yaliyotokea.

Kwa kigezo hicho, ubora wake mkubwa ni kwamba hukumu ya majaji walio wengi na ile ya jaji anayepinga hutolewa katika faili moja. Katika shauri la Scott v. Harris, lililoamuliwa mwaka 2007, kijana wa miaka 19 aliwakimbia polisi usiku huko Georgia mwaka 2001, askari akaligonga gari lake kwa nyuma, na kijana akabaki amepooza, kisha akamshtaki askari huyo. Mkimbizano huo ulirekodiwa, na Mahakama ikaiweka video yenyewe mtandaoni. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu ya walio wengi, anaeleza kwamba magari mengine yalilazimika kukimbilia pembeni ili yasigongwe. Jaji John Paul Stevens, aliyepinga peke yake, anayaona magari hayo hayo yakisogea pembeni kwa sababu madereva walisikia ving'ora au kuona taa za polisi, kama ambavyo wangelipisha gari la wagonjwa. Barabara ni ile ile na video ni ile ile. Kilichobadilika ni kitenzi, na juu ya kitenzi hicho kuna swali zito la kama kijana yule alistahili kusikilizwa mbele ya juri, yaani raia wanaoamua ukweli wa kesi. Scalia aliona video inajieleza yenyewe, na shauri likaishia hapo. Hilo bado linanisikitisha kila ninapoirudia hukumu hiyo.

Shauri la Kennedy v. Bremerton School District la mwaka 2022, lililohusu sala za kocha wa shule ya umma uwanjani, linafundisha jambo hilo kwa njia nyingine: Jaji Neil Gorsuch, kwa walio wengi, anamsawiri kocha huyo kama mtu aliyesali kimya kimya baada ya mechi, ilhali Jaji Sonia Sotomayor ameweka ndani ya hukumu yake ya kupinga picha za kocha huyo akiwa amezungukwa na wachezaji.

Kasoro ninayoiona ni muhtasari unaotangulia hukumu. Huandaliwa na ofisi ya mahakama, si na majaji, nao hufuata masimulizi ya walio wengi pasipo kumtaja anayepinga alisema nini. Tahadhari kwamba si sehemu ya hukumu imechapwa kwa herufi ndogo. Tena, vielelezo vingi havimo katika faili la hukumu, hivyo msomaji hulazimika kuvitafuta katika kumbukumbu za shauri.

Kwa mtumiaji mpya, ushauri wangu ni kuuruka muhtasari, kuanza na maelezo ya anayepinga, kisha kurudi kwa walio wengi huku ukiandika pembeni kila jambo ambalo mmoja amelitaja na mwingine akaliacha.